Yamaha ya zamani imeandikwa 40, kibao cha namba kimeliwa na chumvi: nitaagizaje ringi na impela?

Mvuja_Jasho: Wakuu, nina mashine ya boti ya Yamaha, ya kuchanganya oili na petroli, silinda mbili, ya kuvuta kamba. Kifuniko cha juu kina kibandiko cha 40 (nguvu farasi). Kibao cha namba kwenye bracketi hakisomeki hata herufi moja. Inakojoa maji (ya kupoza, yanayotoka kwenye tundu la pembeni) kidogo sana. Nimepima kompresheni: silinda ya juu psi 90, ya chini 60. Nataka ringi (pete za pistoni), gasketi ya hedi (kichwa cha silinda) na impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji), lakini kila muuzaji ananiuliza "40 ipi?" Nianzie wapi?

FundiSilinda: Swali lao ni la haki. Kifuniko usikiamini, maana huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine kila siku. Toa hedi upime kipenyo cha silinda. Yamaha 40 ya silinda mbili yenye kipenyo cha mm 80 na mwendo wa pistoni wa mm 70 ni cc 703: hiyo ndiyo 40X au E40X (E ni Enduro), na kodi yake (alama ya modeli ya kiwandani) ni 66T. Kuna ya silinda mbili ya mm 75, cc 592, ni mashine nyingine kabisa. Ya silinda tatu ina mm 67, cc 698, hiyo si yako.

Sasa elewa namba ya spea. Mfano 6H4-44352-02. Alama tatu za mwanzo ni kodi ya mashine ambayo kipuri kilichorwa kwa ajili yake kwanza. Tano za kati ni aina ya kipuri: 44352 ni impela, 11631 ni pistoni ya saizi ya kiwandani, 14301 ni kabureta, iwe mashine ya nguvu gani. Mbili za mwisho ni toleo; 02 imekuja baada ya 00 na 01, na mara nyingi ndiyo inayochukua nafasi yao.

Angalizo: namba zilizotoka na kalibu kwenye bodi ya chuma si lazima ziwe namba za kuagizia. Kiwanda hutumia kasha lilelile kwenye mashine kadhaa, kwa hiyo unaweza kukuta kodi ya mashine tofauti kwenye giaboksi yako na hakuna kilichobadilishwa. Kodi ya kalibu ni dalili tu, vipimo ndivyo ushahidi.

Propela3: Naongeza kwenye giaboksi, kwa sababu hiyo nayo huhamishwa. Bila kuifungua: toa plagi zote, weka gia ya mbele, zungusha flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine) kwa mkono mara 20 kufuata saa, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara 10 kamili, uwiano ni 2.00 (meno 13 kwa 26), sawa na 40X. Ikifika karibu 10.8, ni 13 kwa 24, yaani umepewa giaboksi ya silinda tatu. Usizungushe kinyume, majani ya impela yatapinduka.

Kuhusu maji: kabla ya kununua chochote, chokonoa tundu la kukojolea kwa waya mwembamba, chumvi huziba pale. Likiwa wazi, fungua pampu. Impela ikikatika majani, vipande havipotei. Vimepanda kwenye bomba la maji au vimekaa kwenye mlango wa bloku. Vitafute hadi idadi itimie. Angalia pia kikombe cha chuma kinachozunguka impela na sahani ya chini yake: ukihisi mifereji kwa ukucha, badilisha navyo, impela mpya peke yake haitavuta. Ya zamani usiitupe. Linganisha na mpya kipenyo, kimo, tundu la shafti na mfereji wa kile kichuma kinachoishika.

FundiSilinda: Na hapo ndipo kompresheni inapoingia. Maji hafifu huleta joto, joto huchoma gasketi ya hedi au hugandisha ringi kwenye mifereji yake. Usiagize ringi kabla hujaiona gasketi ya zamani. Ikiwa na njia nyeusi ya moshi upande wa silinda ya chini, huenda ringi hazina kosa. Ule mtindo wa kupima ringi kwa kumimina oili kwenye tundu la plagi haufai sana hapa, silinda zimelala, oili hukusanyika upande mmoja tu.

Jambo linalosahaulika: soma kichwa cha pistoni. Kama silinda ilishachongwa (kupanuliwa kwa ajili ya pistoni kubwa zaidi), utaona 0.25 au 0.50, yaani mm zilizoongezwa. Ukiweka ringi za saizi ya kiwandani kwenye silinda iliyoongezwa mm 0.25, mwanya wa ncha zake unaongezeka karibu mm 0.8, moto unapita hapo.

Mvuja_Jasho: Nimefungua. Kipenyo upande wa hedi mm 80.30, upande wa ndani 80.27, silinda zote mbili. Pistoni zina 0.25. Gasketi imeungua upande wa silinda ya chini, na ringi moja ya silinda hiyo imeganda. Kuta hazina mikwaruzo. Propela imezunguka 10.

FundiSilinda: Basi ni 66T iliyochongwa mara moja. Silinda imelika mm 0.05 tu juu ya 80.25, haihitaji kuchongwa tena. Ipigwe msasa wa silinda upate alama za msalaba, kisha ioshwe kwa maji ya sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Agiza ringi za 0.25, seti 2, kwa sababu seti moja ni ya pistoni moja. Pistoni zenyewe zikikataa, namba ya kati ni 11635, si 11631. Safisha mifereji kwa kipande cha ringi iliyovunjika, na herufi ya kwenye ringi itazame juu, upande wa kichwa cha pistoni. Kila mfereji una pini. Ncha za ringi zikae zikiizunguka kabla hujaingiza pistoni, zikipanda juu yake ringi inavunjika hapohapo.

Propela3: Na usifunge hedi bila kuiweka juu ya kioo chenye msasa laini. Hedi iliyochoma gasketi kwa joto mara nyingi imepinda.