Tupeane uzoefu: ukame ulipoingia nyumbani kwenu, mlianza kuacha nini?

Mwalimu, Mbale (mwanzishaji)

Ndugu zangu, salaam. Mwaka 2022, njaa ilipoikaba Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda, tathmini ya chakula ilionyesha kwamba watu wapatao 518,000, karibu asilimia 41 ya wakazi, walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula uliohitaji msaada wa haraka. Takwimu hiyo ilistahili kutangazwa, lakini haielezi kinachotokea ndani ya boma tangu mvua inapokatika hadi mtoto anapobebwa mgongoni kwenda hospitali. Sisi wa mjini huona mwisho wake tu, pale kina mama wa Kikaramoja wanapofagia punje zilizomwagika nje ya mashine za kusaga mahindi. Naomba waliopitia hali hiyo, au walioishuhudia kwa karibu, waeleze mambo kwa mpangilio: kilichoachwa kwanza, kilichouzwa baadaye, na kile ambacho hakikuuzwa hata hali ilipozidi kuwa mbaya. Malumbano ya mabati ya msaada wa Karamoja, ambayo mawaziri walidaiwa kujigawia, tuyaachie mahakama. Hapa tuzungumzie nyumba.

Mwana wa Kotido

Mwalimu, asante kwa kuuliza hivyo, kwa sababu wengi hudhani kwamba mfugaji akipungukiwa na chakula hufungua zizi na kumpeleka ng'ombe sokoni. Kwetu haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya Uganda hupata mvua mara mbili kwa mwaka, lakini Karamoja tuna msimu mmoja, ambao kwa kawaida huanza Aprili hivi, na ukiharibika hakuna mwingine wa kuufidia hadi mwaka unaofuata. Mwaka ule mtama ulichipua, jua likaukausha. Mama akapanda tena kwa mbegu alizokuwa amezitundika juu ya moshi wa jiko, na hizo nazo zikaungua ardhini. Kwa hiyo tulipoteza mbegu kwanza, kabla mtu yeyote hajalala njaa.

Kisha watu wazima waliacha kula mchana, bila tangazo wala kikao; ilitokea tu kwamba baba alikuwa na shughuli mbali na nyumbani kila jua lilipofika utosini. Baada ya hapo tuliingia kwenye machicha ya pombe ya mtama, ambayo wapika pombe huyauza kwa bei ndogo. Mtu wa mjini huyaona kuwa chakula cha nguruwe, ila yakichemshwa pamoja na majani ya porini hushibisha. Ubaya wake ni kwamba kilevi hakijaisha ndani yake. Mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza shule, alipokuwa akishayala aliegemea ukuta na kusinzia hadi alasiri, inzi wakimtembea usoni, naye hakumsumbua mtu kwa kulilia chakula. Mama alisema wazi kwamba utulivu huo ulikuwa nusu ya sababu ya kumpa.

Ama ng'ombe, uvamizi wa mifugo ulikuwa umerudi tangu 2019, na wa kwetu walikuwa wakilala katika zizi la pamoja karibu na kambi ya jeshi. Walikuwa hai, lakini maziwa yalikuwa huko na watoto walikuwa nyumbani. Waliouzwa ni mbuzi, na hapo namwachia anayejua bei.

Mchuuzi wa mifugo, Soroti

Hesabu yake ni rahisi, tena ya kikatili. Nyumba zote zinapouza mbuzi katika wiki moja, bei ya mbuzi huporomoka. Na kwa kuwa nyumba hizo hizo zinatafuta mahindi siku hiyo hiyo ya soko, mahindi hupanda. Mbuzi ambaye baada ya mavuno angeweza kuleta gunia zima la nafaka, kufikia Juni hakulifikia hata nusu. Lori hupanda na mahindi na kurudi na mbuzi na mkaa, na mwenye lori hupata faida kwenda na kurudi. Sisemi kwamba ni haki, lakini lori lisingefika, hata hicho kidogo kisingekuwepo sokoni.

Muuguzi, Moroto

Ninaongeza yale ninayoyaona mtoto anapofika kwetu. Tunazungusha utepe kwenye mkono wa juu, na kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani sehemu nyekundu, huo ni utapiamlo mkali. Hata hivyo utepe pekee hautoshi. Yupo mtoto anayeonekana amenenepa kumbe miguu imevimba kwa unyafuzi: ukibonyeza kwa kidole gumba, shimo hubaki pale pale baada ya kuondoa kidole. Mtoto wa namna hiyo hapewi posho (ugali) na maharagwe mara moja, hata ndugu wakilalamika kwamba tunamnyima, kwa kuwa mwili uliodhoofika hauwezi kuhimili chakula kingi cha ghafla na anaweza kufa akiwa ameshiba. Tunaanza na maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Kuhusu swali la Mwalimu, kitu ambacho kina mama hawakubali kukiacha ni kugawana. Tunampa mama pakiti za siagi ya karanga zenye virutubisho kwa ajili ya mgonjwa mmoja, naye akifika nyumbani huwakuta wengine wanne wanaomtazama mkononi. Wapo watumishi wanaouita ukaidi. Mimi naona kosa liko kwenye mpango unaohesabu mgonjwa na kuisahau nyumba.

Mkimbizi kutoka Kivu, Nakivale

Karamoja isionekane kuwa peke yake. Hapa Isingiro, wilaya ya kusini magharibi mwa Uganda yenye kambi yetu ya Nakivale, ukame wa 2016 na 2017 ulikausha migomba iliyokuwa ikilisha wilaya nzima, na wenyeji ambao sisi wakimbizi tulizoea kuwalimia kwa kibarua walikuja kambini kununua mahindi na maharagwe ya mgawo wetu. Kwetu jambo la kwanza kupotea lilikuwa kibarua, kwa sababu shamba lililokauka halihitaji mlimaji. Mgawo ulipopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, kisha kwa asilimia 40 mwaka 2021, tulifuta uji wa asubuhi, tukauza turubai la ziada, na binti yangu mkubwa akaacha shule ili akafanye kazi za ndani Mbarara. Hilo la binti tulilijadili kwa muda mrefu kuliko mengine yote, na mke wangu hajalikubali hadi leo.

Mzee mstaafu, Tororo

Wanangu, baba yangu alikuwa na duka Moroto. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, bunduki zilichukuliwa kutoka kambi ya jeshi ya Moroto, uvamizi ukaongezeka, na mwaka 1980 ukame ukakuta watu wameshanyang'anywa mifugo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulikadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano alifariki katika maeneo yaliyopimwa. Dukani watu walileta vikuku na shanga za wake zao wabadilishane na unga. Mikuki na vigoda vya wazee sikuviona mezani hata mara moja.

Mwana wa Kotido

Shikamoo Mzee. Hata sisi kigoda cha babu kipo.

Nimjibu na mchuuzi. Baba sasa huuza mbuzi mapema, mwezi wa pili, wakiwa bado wana mwili, na kununua mtama kabla bei haijapanda. Ndugu zake humcheka kwamba anauza mali bila shida. Tatizo ni pa kuuhifadhi: ghala likijulikana limejaa, wageni hawaishi, na kwa mila zetu mgeni harudishwi. Kama kuna mtu wa Napak au Amudat anayeweka nafaka kwa pamoja na majirani, tafadhali atueleze funguo hukaa kwa nani.