Kichocheo cha mwanga juu ya kaolini: rangi imeharibiwa au imenaswa tu?

Mkemia_Dar: Habari zenu, wanajukwaa. Nimechoma urea kwa nyuzijoto 550 nikapata nitraidi ya kaboni, ambayo ni kichocheo cha mwanga (huharakisha mmenyuko inapopigwa na mwanga), nikaichanganya na kaolini ya Pugu, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, kisha nikauweka unga huo juani ndani ya maji yenye methilini buluu, rangi ya samawati ya majaribio. Kufikia saa sita mchana maji yalikuwa hayana rangi tena. Lengo langu ni kusafisha maji machafu ya watengenezaji wa batiki. Je, niendelee?

Fundi_Maabara: Subiri kwanza, ndugu. Uso wa udongo una chaji hasi na methilini buluu ina chaji chanya, kwa hiyo hunaswa hata gizani. Ukikuta unga uliotuama una rangi ya samawati, ujue rangi imehama tu. Koroga mchanganyiko gizani hadi vipimo vya spektrofotometa (kifaa kinachopima kiasi cha rangi majini) vitulie, ndipo uutoe juani, na pembeni yake uweke chupa ya rangi pekee, kwani methilini buluu hufyonza mwanga yenyewe na huweza kupauka bila kichocheo. Mimi ningeiacha kabisa rangi hiyo, ingawa makala nyingi zinaitumia.

Mama_Batiki: Naongezea kwamba rangi nyingi za pamba zinazoyeyuka majini zina chaji hasi, hivyo udongo huzisukuma mbali. Hapo kazi ya kaolini si kunasa uchafu, bali ni kuzitawanya chembe za kichocheo zisigandamane, na kuufanya unga utuame upesi ili utumike tena. Nitraidi ya kaboni yenyewe umeichagua vyema: hutumia mwanga unaoonekana hadi karibu nanomita 460, ilhali titani dioksaidi ya anatazi, kichocheo kingine kinachotumika sana, hukomea takriban 387, na miale ya urujuanimno ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya jua, kama asilimia 5.

Mkemia_Dar: Nashukuru. Rangi ikitoweka majini na kwenye unga pia, je, nitakuwa nimemaliza?

Fundi_Maabara: Bado. Rangi za azo (zenye kifungo cha nitrojeni mbili) zikikatika hupoteza rangi yake, lakini zinaweza kuacha amini za aromatiki (vipande vyenye nitrojeni na pete ya kaboni), ambazo baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Pima jumla ya kaboni ogania, yaani kaboni yote iliyo kwenye kemikali ogania majini, kabla na baada ya jua. Usisahau chupa yenye unga wako ndani ya maji safi, kwa sababu kichocheo chako nacho kina kaboni, na kikimeng'enyuka kitaongeza hesabu.