Naomba ushauri: nina wiki mbili za likizo na euro 700, niwasaidie wapi ndege wanaohama?

MghoiDawida ameandika:

Wanajamvi, hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Wundanyi, Taita, na huu ni mwaka wangu wa tano nikifanya kazi ya uuguzi katika mji mdogo ulio kando ya mto huku Ujerumani. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu nisipoeleza nilikotoka mtanishauri juu ya jambo jingine.

Mwezi Juni, nikirudi nyumbani kutoka zamu ya usiku, nilipita njia ya kando ya mto ambako magugu yanayowasha yamerefuka hadi kunifika kifuani, nikasikia shore akilia. Nilisimama palepale. Shore wa kwetu, yule anayeamsha watu alfajiri kwenye mipera ya mama, hayupo Ujerumani. Baada ya muda mfupi sauti ile ikageuka ikawa ya mbayuwayu, kisha ikawa ya ndege nisiyemfahamu, na yote hayo yalitoka katika koo moja. Mwenzangu wa kazini alinieleza kuwa ni ndege mdogo wa kahawia ambaye Wajerumani humwita Sumpfrohrsänger, anayefika huku mwishoni mwa Mei, akazaa, akaondoka mapema kurudi Afrika, na kwamba huiga sauti za ndege aliokaa nao huko. Nikahisi kama niliyepokea salamu kutoka kwetu.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi, na niliyoyasoma yamenihuzunisha. Mwaka 2015 shirika la BirdLife International lilichapisha makadirio kwamba ndege wapatao milioni 25 huuawa kinyume cha sheria kila mwaka katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na kwamba Misri na Italia, kila moja peke yake, hupoteza zaidi ya milioni tano. Wengi wa ndege hao wako safarini.

Nina wiki mbili za likizo na euro 700 nilizoziweka kando. Kampuni moja inayopanga safari za kujitolea inanitaka nilipe euro 1,900 ili nikalinde ndege Afrika kwa siku kumi na nne, fedha ambazo sina. Njia ya pili ni kambi za walinzi wa ndege zinazofanyika Malta na Kupro, ambako watu wa kujitolea hutafuta mitego. Njia ya tatu ni kutuma fedha zote nyumbani nikatulia. Nawaomba wenye uzoefu mniambie ni wapi mikono yangu itafaa kweli, na je, mtu mwenye pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Ujerumani anaweza kwenda huko bila matatizo?

KomboWaMida ameandika:

Dada Mghoi, karibu, na pole kwa zamu za usiku. Mimi huwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege katika Hori ya Mida, Watamu, kwa hiyo nitasema juu ya ile kampuni ya euro 1,900 kabla ya jambo lingine.

Miaka kadhaa iliyopita lilikuja hapa kundi la vijana waliokuwa wamelipa fedha nyingi kwa kampuni ya nje ili waje kupanda mikoko. Walikuwa vijana wazuri, wenye bidii, waliofanya kazi juani bila kulalamika. Lakini aliyewaleta hakumwuliza mwenyeji yeyote mahali pa kupanda, na miche ikachomekwa kwenye tope lililo wazi, mahali ambapo maji yakipwa ndege wa ufuoni kwa mamia hushuka kula: sululu, vitwitwi, na wale weupe kwa weusi wenye mdomo mnene ambao chakula chao ni kaa. Ndege hao wanahitaji tope tupu. Ukilifunika kwa mikoko umewanyang'anya sahani, hata kama nia yako ilikuwa njema. Miche mingi ilikufa, na nakiri nilishukuru Mungu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekualika liwe hili: ni nani mwenyeji aliyepo hapo mwezi wa tatu, mwezi wa sita na mwezi wa kumi, wakati wageni hawapo, na yeye ameomba nini? Hapa kwetu shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya lina mpango ambao kiingilio cha wageni wanaopita daraja la kamba juu ya mikoko husaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hii. Mzazi ambaye mwanawe anasoma kwa sababu ya ndege hahitaji kuhubiriwa asikate mti. Kazi ya namna hiyo huijui kwa kutazama picha za tangazo. Huijua kwa kuuliza maswali.

MvishaPete ameandika:

Binti yangu, mimi ni mzee sasa, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikienda Ngulia, Tsavo Magharibi, kila mwisho wa Novemba, na ndege huyo uliyemsikia nimemshika mkononi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Naomba nikusahihishe jambo moja, kwa sababu litabadilisha uamuzi wako.

Ndege wengi wanaopita Malta huelekea Afrika ya Kaskazini, Magharibi na Kati. Kuwalinda ni jambo jema, ila si njia kuu ya huyo rafiki yako. Yeye hupitia Mashariki ya Kati, hukaa wiki nyingi Sudan na Ethiopia wakati mvua imeotesha majani na wadudu ni wengi, halafu Novemba na Desemba hushuka Kenya na kuendelea kusini. Kwa hiyo kama unataka kuifuata njia ya ndege wa kwetu, tazama mashariki ya Mediterania, na kwa uwezo wako hiyo ina maana ya Kupro.

Kuhusu nyimbo zake, hukukosea. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alionyesha mwaka 1979 kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yao ni wa Afrika. Kwa hiyo yule uliyemsikia alikuwa amebeba ramani ya safari yake kooni.

Ngulia tulianza mwaka 1969 kuwavisha ndege pete zenye namba mguuni, ili wakipatikana kwingine safari yao ijulikane. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka juu ya kilima, ndege wanaosafiri gizani huvutwa na taa za hoteli na kutua vichakani kwa maelfu. Alfajiri tunawatoa kwenye nyavu, mmoja mmoja, tunawatia katika mifuko midogo ya kitambaa na kuitundika kwa foleni. Unapomtoa huyo ndege wako, uzito wake ni kama gramu 12 hivi, na moyo wake unapiga juu ya kidole chako kwa kasi ambayo huwezi kuifuata kwa kuhesabu. Pete inafungwa mguuni, bawa linapimwa, namba inaandikwa, anaachiwa. Mpaka sasa wamevishwa pete zaidi ya nusu milioni, na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wamekuwa wakija kwa gharama zao wenyewe. Kumshika ndege kunahitaji mafunzo na kibali, lakini mwandishi wa namba hahitaji zaidi ya mwandiko mzuri na kutosinzia, na wewe muuguzi wa usiku hayo yote unayo.

MtangaNicosia ameandika:

Dada, mimi ni Mtanzania, nilisoma Kupro na nilijiunga na kambi ya wanaojitolea kwa juma moja wakati wa vuli, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona.

Waandaaji wakuu wa kambi hizo ni Komitee gegen den Vogelmord, shirika lililoanzishwa mwaka 1975 na lenye makao yake Bonn, kwa hiyo kwako ni jirani. Unaweza kuwapigia simu kwa Kijerumani na kuuliza kila kitu. Wapo pia wenyeji, BirdLife Cyprus, ambao tangu mwaka 2002 wamekuwa wakikagua mitego kwa utaratibu maalumu, na katika maeneo wanayoyakagua nyavu zimepungua sana. Ndugu Kombo ameuliza nani yupo wageni wakiondoka. Jibu la Kupro ni hao.

Mitego yenyewe ni ya aina mbili. Kuna nyavu nyembamba zinazosimamishwa usiku kati ya miti, na kando yake kipaza sauti kinachopiga mlio wa ndege ili wanaopita juu gizani wadhani wenzao wameshatua. Na kuna ulimbo. Ndiyo, ulimbo uleule tuliotega utotoni, ila wao huupika kutokana na tunda la mti wa jamii ya Cordia, wakazipaka fimbo nyembamba na kuziweka ndani ya miti ya matunda kana kwamba ni matawi. Anayetafutwa hasa ni ndege mdogo wa kijivu, dume lake likiwa na kofia nyeusi kichwani, ambaye huliwa mzima kama kitoweo cha anasa, ingawa kumtega kumepigwa marufuku tangu mwaka 1974. Ndege huyohuyo utamkuta Januari katika milima ya Kenya na ya kwetu Kaskazini.

Siku ya tatu tulimkuta mmoja akining'inia kichwa chini, ulimbo umeshika miguu na bawa moja. Kiongozi wetu hakumvuta, kwa sababu ukimvuta manyoya yanabaki na bawa linavunjika. Alilowesha ulimbo kwa mate yake, akausugua taratibu kwa kidole, unyoya kwa unyoya, karibu robo saa, huku mimi nikishika tawi na kukataza mikono yangu kutetemeka. Aliruka. Alitua kwenye mzeituni uliokuwa karibu, akajisafisha kwa muda mrefu, halafu hatukumwona tena.

Sasa yasiyopendeza. Wategaji hukasirika, na watu wa kujitolea wameshawahi kupigwa. Huendi peke yako kamwe, hujibizani na mwenye shamba, na mtego ukionekana taarifa hupelekwa kwa askari na kiongozi wa kundi. Ukiwa mtu mweusi utatazamwa zaidi. Mimi nilisimamishwa na kuulizwa karatasi mara mbili, wenzangu Wazungu hawakuulizwa. Kibali chako cha Ujerumani kinakuruhusu kwenda Malta hadi siku 90 ndani ya siku 180, kwa kuwa Malta, kama Ujerumani, imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka. Kwa Kupro usitegemee maneno ya mtu, hata yangu: andikia ubalozi wao, upate jibu la maandishi, ndipo ununue tiketi.

MlinziWaVuria ameandika:

Dada Mghoi, nakusalimu kutoka nyumbani. Nimesoma yote, na sitakuficha kwamba kuna kitu kimenichoma.

Katika vilima vyetu vya Dawida kuna ndege mdogo wa kijivu, apalisi wa Taita, ambaye haishi mahali pengine popote duniani na yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hategwi kwa ulimbo. Anakufa kwa sababu msitu wa asili umebaki vipande vipande, Ngangao hapa, Vuria pale, na kati yake kuna mashamba, misonobari na mikalitusi. Shirika la uhifadhi la Nature Kenya limenunua ardhi karibu na Msidunyi ili kuongeza msitu, na kikundi cha wenyeji, DABICO, huotesha miche ya asili na kufuatilia ndege. Mche mmoja unahitaji mtu wa kuupalilia miaka miwili ya mwanzo, la sivyo magugu huushinda, na kazi hiyo haina mfadhili anayeipenda kwa sababu haina picha nzuri. Sisemi usiende Kupro. Nauliza tu kama unaweza kumlilia ndege wa mtoni Ujerumani na kumsahau wa nyuma ya nyumba ya mama.

MghoiDawida ameandika:

Shikamoo Mzee MvishaPete, na asanteni nyote. Kaka MlinziWaVuria, umenigusa mahali penyewe. Mimi nilizaliwa chini ya Vuria na jina la apalisi nimelijua nikiwa mtu mzima, katika nchi ya watu. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha kupika ulimbo, na tulikula tulichokinasa bila kujiuliza ni nani.

Nimekaa na karatasi na kalamu. Kampuni ile nimeifuta. Leo asubuhi niliwapigia watu wa Bonn, na nimewaandikia ubalozi wa Kupro. Nikiruhusiwa nitakwenda juma moja la vuli, si mawili, na nimekadiria kwamba nauli na malazi havitazidi euro 400. Zilizobaki, euro 300, ningependa zilipe palizi ya miche huko Msidunyi, na badala ya kutuma mara moja nigawe kila miezi mitatu. Je, hilo linafaa, au linawasumbua wahasibu wa kikundi? Na wiki ya pili ya likizo, Mzee wangu, Ngulia wanapokea waandishi wa namba mwezi gani hasa?

MlinziWaVuria ameandika:

Linafaa kuliko kutuma mara moja, kwa sababu vibarua wa palizi hulipwa kwa msimu. Zungumza kwanza na viongozi wa kikundi na uombe risiti kila mara, hawatakasirika. Na ukija nyumbani, panda nasi mpaka Vuria kabla ya saa moja asubuhi. Apalisi hukaa chini katika vichaka, na ukitulia atakukaribia.

MvishaPete ameandika:

Marahaba, binti yangu. Hesabu usiku usio na mwezi wa mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, na uwaandikie waandaaji miezi mingi kabla, kwa maana nafasi ni chache. Njoo na sweta, kwa kuwa ukungu wa Ngulia ni baridi kuliko watu wanavyodhani, na ulete kalamu za risasi badala ya za wino. Karatasi hulowa.