Wifi anataka nibatizwe upya, nimjibuje?

MamaDagaa_Kirumba: Shikamooni wakubwa. Mimi Mkatoliki, nauza dagaa mwaloni Kirumba. Wifi yangu anasali kanisa la Jina la Yesu. Juzi tunageuza dagaa juani akaniambia ubatizo wangu ni bure, kisa nilibatizwa kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kashika Matendo 2:38, panaposema mbatizwe kwa jina la Yesu Kristo, nami Mathayo 28:19, panaposema kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Tangu hapo hatusemeshani vizuri, na inaniuma kweli, ndiye aliyenilelea wanangu nilipolazwa. Nimjibuje?

Katekista_Nyegezi: Pole mama. Wengi watakutajia Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu mwaka 325, padri Arius alipokataliwa kwa kufundisha kuwa Mwana aliumbwa. Lakini wifi yako si wa Arius! Anakiri Yesu ni Mungu kamili. Anachokataa ni Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu. Ukimjibu kana kwamba yeye ni Shahidi wa Yehova, wanaosema Mwana aliumbwa, utamuonea bure. Muulize hivi: Yesu alipobatizwa Yordani, Roho akashuka kama njiwa, sauti ikatoka mbinguni. Ile sauti ilikuwa ya nani?

Mlokole_Sengerema: Hata sisi Wapentekoste tuligawanyika hapohapo. Assemblies of God kule Marekani walipopitisha tamko la Utatu mwaka 1916, ndugu wa Jina la Yesu wakatoka. Sikubaliani nao, ila wanampenda Yesu. Usimwite mpagani, tafadhali.

MamaDagaa_Kirumba: Asanteni sana. La Yordani nitamuuliza kesho tukichambua dagaa. Kubatizwa upya hapana, nimeshabatizwa.