Nataka kutoka kwa skrini na kibodi niingie bodi zenyewe, ninunue mashine gani kwanza?

kijana_mwembetayari
Salaam aleikum wakubwa. Mimi nna kibanda huku Mwembe Tayari, kazi yangu mpaka saa hii ni zile za kila mtu, kuweka Windows, skrini zilizopasuka, kibodi, kutoa diski za zamani kuweka SSD. Shida ni kwamba barabara nzima tunafanya hayo hayo na bei tunashushiana mpaka jioni mtu anabaki na nauli tu. Sasa kuna jamaa analeta laptop za mtumba kutoka Uingereza, zile zisizowaka yuko tayari kuniachia kwa jumla bei ya kutupa, HP 840, ThinkPad, Dell Latitude, nyingi ukichomeka chaja hata taa hazitoi. Nikipiga hesabu naona nikizifufua nikaziuza ntakuwa mbali. Solda naijua, soketi za chaja na za USB nachoma kila siku, ila ndani ya bodi, ule ubao mkuu wa laptop, sijaingia. Nimeiona mashine ya kuriboli, ile ya kung'oa chipu kubwa na kuipandia vidonge vya solda upya, bei yake inamaliza akiba yote. Niichukue ama? Na spea mnatoa wapi, Mombasa hapa hapa au ni mpaka Nairobi? Kama ni hasara pia nambieni mapema kabla sijatoa pesa.

fundi_makupa
Waaleikum salaam. Hiyo mashine achana nayo yakhe, pesa yako iache M-Pesa ilale. Watu wanaona kwa YouTube chipu inainuliwa na moshi mzuri wanadhani hiyo ndo kazi, kumbe kazi nyingi ya bodi ni vikapasita (vidude vya kushika chaji) na mosfeti (viswichi vidogo vya umeme) ambazo bila maikroskopu huzioni sawasawa.

Kuriboli ilipata jina kwa sababu ya zile HP dv6000 na dv9000 za miaka ya 2007 zenye chipu za grafiki za Nvidia, zilikuwa zinakufa kwa wingi mpaka Nvidia wenyewe Julai 2008 wakatangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 za kulipia mambo hayo. Fundi akiipiga bloa, ile ya hewa ya moto, inawaka, mteja anatoa pesa anaondoka anacheka, haziishi wiki nyingi kesharudi amenuna. Manake ubovu haukuwa kwenye vidonge vya chini vinavyoshika bodi, ulikuwa ndani ya chipu yenyewe pale silikoni inaposhikana na kibao chake, so hata upande vidonge vipya vyote ugonjwa hujaugusa. Moto unaiamsha kwa muda tu. Anayekwambia "nimeriboli grafiki ya zamani imepona" muulize aliweka chipu mpya au alirudisha ile ile.

Pesa yako igawe hivi: mita nzuri, pawa saplai ya benchi ya volti 30 ampea 5 (ile unayopanga volti na ampea mwenyewe), bloa, pasi ya ncha nyembamba, maikroskopu hata ya bei nafuu, na fluksi ya maana, ile dawa ya kusaidia solda ishike. Fluksi usibane pesa, feki zimejaa na zinaacha utando unaokula bodi pole pole. Halafu ujue bodi hizi ni solda isiyo na risasi, mambo ya sheria ya Ulaya ya Julai 2006, inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na ile yetu ya risasi ya 63/37 ni 183. Kipande kikikataa kutoka usiongeze moto kama una hasira, kiongezee kwanza solda yako ya risasi ichanganyike na ile ya kiwanda, italegea mapema. Na ubao upashe kutoka chini, la sivyo shaba ya ndani inanyonya joto lote na wewe unabaki kuunguza plastiki za pembeni.

binti_bamburi
Fundi kasema kweli lakini mimi ntakwambia upande wa kuuza, manake wengi wanajua kutengeneza halafu laptop inakaa kabatini mwaka.

Kakangu kabla ya kuuliza "itawaka?" uliza "nani ataichukua?". Windows 10 Microsoft waliacha kuisapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. 840 G3 ni kizazi cha 6, nzuri, imara, inauzika bado kwa mwanafunzi wa chuo pale TUM anayetaka kuchapa tu, lakini mteja wa ofisi siku hizi anauliza na anajua. Tafuta 840 G5, ThinkPad T480, Latitude 7490. Na hata hizo geuza usome, manake T480 na G5 nyingine zilitoka na kizazi cha 7, kwa hiyo ile namba baada ya i5 ianze na 8. Kwa macho ni mashine moja, kwa bei sio moja.

Lingine, usikubali bei moja kwa zote. Mwambie jamaa akuachie uchague, ufungue kifuniko cha chini hapo hapo mbele yake. Ukiona bodi imeshawahi kuchomwa solda, fluksi ya kahawia imeganda, skrubu hazipo, rudisha. Fundi wa Uingereza kashashindwa nayo wewe unaipokea kama mpya. Ile ambayo haijaguswa na mtu ndo unaitaka, hata kama imekufa kabisa.

Na zenye nywila ya BIOS (ile programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi) au zinazoleta jina la kampuni kila ukiweka Windows, mimi sigusi. Sio kwamba hazifunguki. Siku polisi akija kuuliza hii laptop umeitoa wapi, "nilinunua kwa jumla" sio jibu, kupokea mali ya wizi ni kosa kwenye kanuni ya adhabu Kenya hii. Daima pata risiti yenye namba za mashine.

likoni_pole
Mnamtisha bure kijana. Robo ya hizo dedi hata solda haitaki. Toa betri, toa ramu zote, toa betri ya saa, shika batani kitambo, rudisha ramu moja jaribu kila nafasi. Utashangaa. Zingine ni BIOS tu, na hiyo kifaa cha CH341A kinaisoma, ila zile nyeusi za bei rahisi angalia zinapeleka 5V kwenye mistari ya data wakati chipu yenyewe ni ya 3.3V, zipo zinazofanyiwa marekebisho. Soma mara mbili, linganisha mafaili, yakifanana hifadhi pahala ndo uandike. Usiweke BIOS ya kushusha mtandaoni juu ya ile ya mashine kabla hujahifadhi ya zamani, namba ya mashine na ufunguo wa Windows vyote vimo humo.

Kuhusu laptop za hapa Pwani ni kesi nyingine. Za watu wa Nyali na huku kwetu karibu na maji, chumvi. Unafungua unakuta kijani kwenye miguu ya chipu na soketi ya skrini imeota unga. Hizo osha kwa alkoholi ya asilimia 99 na brashi kabla hujapima kitu chochote, usije ukabadilisha vipande vizima. Za Uingereza hazina chumvi, zina chai.

posta_luthuli
Spea: chipu za pawa na mosfeti agiza Luthuli Avenue kule Nairobi zinakuja na basi la usiku asubuhi unazo. Lakini kapasita usinunue kabisa, chukua bodi moja iliyokufa kabisa ifanye duka lako.

kijana_mwembetayari
Shukran sana wote. Dadangu wa Bamburi umenifungua macho, nimeenda nikachagua moja moja jamaa akanuna lakini akakubali. Sasa nna 840 G3 mezani, ndo ya kujifunzia. Nimeazima pawa saplai, nikaweka 19.5V, ile kuchomeka tu bila kubonyeza batani volti inaanguka na taa ya ampea inawaka. Chaja yake halisi pia inajizima. Nikipima kwenda chini kwa sauti ya mita, koili (zile za waya uliozungushwa) za upande wa chaji zinalia, koili za karibu na prosesa nazo zinalia. Sasa hapo prosesa imekufa au? Nimesikia mtu unapeleka volti kwenye shoti, pale umeme unapokatiza kwenda chini, na kinachopata moto ndo kibovu. Nipeleke 19?

fundi_makupa
Weka chini hiyo waya kwanza!! Usipeleke 19 popote.

Koili za prosesa kulia ni kawaida, laini ile ukinzani wake ni mdogo sana hata ikiwa nzima, omu chache au chini ya hapo, mita yako inaita shoti kitu ambacho sio shoti. Acha sauti, tumia omu, soma namba. Upande wa chaji ndo wa kuhofia, huko ndiko inakopita laini kuu ya 19V, na laini hiyo ikisoma chini ya omu moja kweli kuna shoti.

Sasa hapa ndo watu wanaua bodi nzima. Laini kuu inagawanyika kwenda kwa mosfeti za prosesa. Mosfeti ya juu, ile inayopokea 19V, ikiwa imeungana ndani, ile 19V inaingia moja kwa moja kwenye prosesa inayotaka karibu volti moja tu, na kwa 840 G3 prosesa imeshikwa kwa solda kwenye bodi, huwezi kutoa ukaweka nyingine kama zile T430 za soketi. So pima mosfeti za juu zote, drein na sosi, yaani mguu wa kuingilia umeme na wa kutokea. Yoyote ikisoma karibu sifuri itoe kabisa kwenye bodi halafu upime laini kuu tena. Shoti ikiisha ulikuwa nayo hiyo, na prosesa omba Mungu.

Mosfeti zote zikiwa nzima basi ni kapasita. Weka pawa saplai volti moja, ampea anza na moja, waya wa hasi kwenye skrubu ya bodi na wa chanya kwenye laini kuu, pale kwenye drein ya mosfeti ya juu. Mwagia alkoholi eneo lote. Pale itakapokauka mwanzo wakati kwingine kote bado kumelowa, ndo hapo. Isipokauka popote panda ampea mbili, tatu, volti iache hapo hapo. Kipande hicho kitoe, pima. Kapasita moja ya laini kuu ikikosekana mashine itawaka tu ujaribu, utarudisha nyingine baadaye.

kijana_mwembetayari
Nimeelewa ami. Mosfeti moja karibu na prosesa inasoma omu 0.3 drein kwa sosi, zile zingine mbili ziko juu. Naitoa?

fundi_makupa
Itoe. Fluksi kwanza, pasha chini, bloa nyuzi 360 na upepo kidogo usipeperushe majirani. Ukishaitoa pima laini kuu, na pima laini ya prosesa kwenda chini (hasi) uandike namba hapa. Ikiwa 0.0 tupu hiyo bodi iweke kwa duka la spea, skrini na kibodi yake zitakurudishia pesa uliyomlipa yule jamaa.

binti_bamburi
Na hiyo skrini kama ni ya 1080 mimi nachukua, nitumie picha.