Stripu za mkojo: nitriti chanya kwa kila mgonjwa, hadubini haioni kitu

Kijana wa Benchi:
Wakuu, habari za jioni. Nipo maabara ya kituo cha afya kimoja Kanda ya Ziwa, bado mgeni kazini. Kuna jambo linanikosesha raha na pale kituoni sioni anayeshtuka.

Mkojo unakuja, nachovya stripu, kile kijiti chenye vibandiko vya kupimia, kibandiko cha nitriti kinageuka pinki. Anayefuata, pinki. Mama mjamzito asiye na dalili yoyote, pinki. Kijana aliyekuja kujaziwa fomu ya afya ya chuo, naye pinki. Chembe nyeupe hakuna, damu hakuna. Nikiuzungusha mkojo kwenye mashine na kuweka mashapo kwenye hadubini, lenzi ya 40, naambulia seli za ngozi mbili tatu. Hao bakteria wa kuleta pinki yote ile wamejificha wapi? Naandika kilichoonekana, tabibu akisoma "nitriti chanya" anaandika UTI, mgonjwa huyo dirishani kuchukua antibayotiki.

Mkojo haulali. Wanaenda choo cha hapo nyuma, kopo linanifikia likiwa na joto. Tarehe ya kuisha muda kwenye chupa ni ya mwakani. Sasa nini? Au maji ya huku ziwani yana kitu?

Mzee wa Benedict:
Waache wa ziwani na maji yao. Kabla hujamshuku mgonjwa, ishuku stripu.

Mimi nimestaafu. Tulianza kazi enzi za Benedict, kipimo cha zamani cha sukari kwenye mkojo: mililita 5 za kemikali ya bluu kwenye neli, matone 8 ya mkojo, unachemsha, unangoja uone kama itaenda kijani, njano, mpaka rangi ya tofali. Ilikuwa haichagui, hata sukari ya maziwa inaibadilisha, na sote tulilijua hilo, kwa hiyo tulikuwa waangalifu. Stripu inadanganya kistaarabu, ndiyo maana watu wanaiamini.

Mkojo wa mtu mzima wa afya una nitrati inayotokana na chakula, hasa mboga za majani. Nitriti hauna. Bakteria kama E. coli ndio wanaogeuza nitrati kuwa nitriti, na wanataka muda: kama saa 4 mkojo ukiwa kibofuni, ndiyo sababu tunaupenda wa asubuhi. Wapo pia bakteria wasiojua kazi hiyo kabisa, enterokoki kwa mfano, hivyo hasi nayo haimsafishi mtu. Pale kwenye kibandiko nitriti inakutana na kemikali zinazotoa pinki. Kanuni hiyo ni ya mkemia Mjerumani wa karne ya 19, Peter Griess, ambaye kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha bia huko Burton, Uingereza. Mwalimu wetu aliipenda sana hiyo ya bia.

Tatizo ni kwamba kibandiko hicho hakivumilii hewa wala unyevu. Kikiachwa wazi kinaweza kugeuka pinki bila bakteria hata mmoja. Kwa hiyo nieleze: stripu zinakaa wapi? Chupa inafungwa kila ukitoa moja? Kile kikaushio cha ndani kipo au kuna mtu alikitupa? Na chembe nyeupe unazisoma lini? Kwa stripu nyingi sukari ni sekunde 30, nitriti 60, lakini chembe nyeupe ni dakika 2. Ukisoma zote kwa mkupuo mmoja, utawakosa wenye UTI ya kweli.

Nimechoka Sipro:
Kumbe! Mimi nikienda hospitali na homa, malaria ikiwa hasi basi nina UTI. Mke wangu UTI, mtoto UTI, shemeji aliyetusindikiza tu naye UTI. Endeleeni wataalamu, nimevuta kiti.

Kijana wa Benchi:
Shikamoo mzee. Chembe nyeupe nilikuwa nazingoja, saa ya ukutani iko mbele yangu. Ila kuna utaratibu niliukuta pale. Stripu zinakatwa kwa mkasi katikati, kwa urefu, moja iwe mbili, ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Zikishakatwa zinawekwa kwenye boksi la glavu juu ya benchi, karibu na dirisha. Chupa yenyewe inabaki kabatini imefungwa vizuri, ndiyo maana sikuifikiria.

Mzee wa Benedict:
Marahaba. Basi umejijibu. Dirisha la ziwani, msimu wa mvua, boksi la glavu!

Fanya hivi kesho. Chukua maji ya sindano, usichukue ya bomba. Chovya stripu ya kwenye boksi na stripu nzima ya kwenye chupa, zishike zikiwa zimelala ili rangi zisitiririkiane, zingoje pamoja. Maji hayana bakteria, hayana nitriti. Halafu tazama pinki yenyewe imekaaje. Pinki ya kweli inaenea kibandiko kizima, hata ikiwa hafifu. Madoa tu, au kingo tupu zilizopakwa pinki, hiyo haihesabiki kuwa chanya.

Mkunga Mtaa wa Pili:
Samahani naingilia, lakini mmeongea nitriti tu na mimi roho yangu iko kwenye protini. Mjamzito wa wiki 30, presha 150 kwa 100, nakuletea mkojo wake unipimie kwa kijistripu cha upana wa njiti ya kiberiti? Ile njano kwenda kijani kwenye stripu nzima yenyewe tunabishania, ni protini ya moja (+) au ni alama tu, yaani dalili hafifu. Kifafa cha mimba hakisubiri tubishane.

Ushauri wangu, mwambie mganga mfawidhi aagize stripu za vipimo viwili, protini na sukari, kwa ajili ya kliniki ya wajawazito. Zipo. Zile za vipimo 10 mbakie nazo kwa wagonjwa wenye dalili. Mnakata kwa sababu mnachovya za vipimo 10 kwa kila anayepita mlangoni.

Na mama akiwa na uchafu ukeni, protini itapanda bure. Mwambieni ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo, akinge wa katikati.

Kijana wa Benchi:
Nimerudi. Za boksi kwenye maji ya sindano: pinki, nyingine zikianzia ule upande uliokatwa. Ya chupa imebaki nyeupe. Boksi nimelifungia kwenye taka. Hoja ya dada mkunga nimempelekea mganga mfawidhi, ameguna kwanza, kisha akaomba hesabu ya wajawazito kwa mwezi.

Mzee, na majibu niliyokwisha kuyatoa?

Mzee wa Benedict:
Rejista usifute wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja juu ya nitriti ili maandishi yasomeke, andika pembeni "stripu zimeharibika", tarehe, saini. Mpe tabibu orodha leo hii hii, wajawazito wakiwa juu kabisa. Wakirudi, chukua mkojo mpya, stripu nzima, na mashapo uyaangalie mwenyewe.

Nimechoka Sipro:
Na shemeji yangu je?

Mzee wa Benedict:
Aje na mkojo wa asubuhi.