Baleti au msewe: vijana waanzie wapi?

Mkaazi wa Wete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunaandaa darasa la uchezaji kwa vijana wa skuli hapa Pemba, nasi tumegawanyika: wapo wanaotaka waanze na mazoezi ya baleti, uchezaji wa jukwaani wa Ulaya, kisha ngoma zetu za Pemba kama msewe zifuate, na wapo wanaotaka kinyume chake. Naomba hoja zenu.

Binti Makunduchi: Waalaykum salaam. Mimi natazama mguu. Mchezaji wa msewe hufunga miguuni misewe, vitu vinavyolia kama njuga, na kila akikanyaga ardhi huongeza sauti juu ya ngoma, kwa hivyo mguu wake ni ala kamili. Mwenzake wa baleti hufunzwa miaka mingi kuruka na kutua bila ya kusikika. Kijana aliyekwisha kuzoea kuuficha mshindo atapata tabu kuutafuta. Msewe utangulie.

Mwalimu wa Mkoani: Bi, tusiidharau nidhamu ya baleti. Tangu Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipoanzisha chuo cha uchezaji mwaka 1661, mafunzo yake yamepangwa hatua kwa hatua na kila mkao umepewa jina. Tena marehemu Dada Masilo, mtunzi wa uchezaji wa Soweto, Afrika Kusini, alisomea baleti, akaiunda upya baleti mashuhuri ya Swan Lake mwaka 2010 kwa wachezaji wanaocheza peku, na mwaka 2017 akaigeukia nyingine, Giselle. Ngoma ya Watswana alikuja kujifunza baadaye, alipotunga onyesho lake The Sacrifice, na haikumshinda.

Mpenzi wa Kibati: Kumbukeni sakafu pia. Kumbi zetu nyingi ni za saruji, na kuruka kila siku juu ya saruji huumiza magoti na miundi. Baleti hutaka mbao zinazonesa.

Binti Makunduchi: Mwalimu, mfano wako naukubali, na Masilo namheshimu sana. Hata hivyo, aliweza kujifunza ukubwani kwa sababu wenye ngoma walikuwapo wa kumfundisha. Baleti ina walimu katika kila bara, ilhali mafundi wa msewe tunao hapa Pemba, nao hawatusubiri mpaka vijana wamalize kujifunza kusimama kwa ncha za vidole.

Mkaazi wa Wete: Hoja ya mafundi imenielemea. Nitapendekeza msewe uanze, uwanjani, juu ya mchanga, na kutoka baleti tuchukue kwanza mazoezi ya kunyoosha viungo na mgongo. Mwalimu, utakubali kuyasimamia?

Mwalimu wa Mkoani: Nitayasimamia, kwa sharti kwamba nami nifunzwe msewe pamoja na vijana.